Wokovu wa Roho na wa Mwili: Ushahidi wa Ukambani

Yeyote apitaye Malili, mji mdogo wa Makueni uliojengeka kandokando ya njia kuu ya Nairobi na Mombasa, akabahatika kuketi katika ushirika wa Wakristo wa upande huo, hakosi kuulizwa, kwa upole na kwa ikhlasi, kama ameokoka, na kama ameokoka, aliokoka lini. Swali hilo halina ila katika nia yake, maana muulizaji humtakia mwenzake heri ya dunia na akhera. Lakini kwa jinsi lilivyozoeleka limewafanya wengi waudhani wokovu kuwa ni tukio la siku moja, linalohifadhiwa moyoni kwa tarehe, mwezi na mwaka, ambalo likisha kupita hapana lililosalia ila kungoja mauti ili mtu akapokee faida yake mbinguni. Makala haya yanakusudia kueleza kwamba fahamu hiyo ni pungufu. Kwamba Agano Jipya lafundisha wokovu ulio mpana kuliko huo, ushikao roho na mwili, mtu na jirani yake, wakati uliopita na uliopo na ujao. Na kwamba nchi ya Wakamba, ambayo habari za Injili ziliifikia zaidi ya karne moja na nusu iliyopita, ina ushahidi wake yenyewe katika jambo hili, ushahidi ambao wahubiri wetu, kwa masikitiko yangu, wameuacha ulale bila ya kuutumia.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, aliyefika pwani yetu mwaka 1844, aliondoka kituo chake cha Rabai, huko pwani, mwishoni mwa mwaka 1849 akafika Kitui kwa Kivoi, mkuu wa misafara ya biashara, na huko ndiko alikouona mlima Kenya tarehe 3 Desemba ya mwaka huo. Alipokwenda tena mwaka 1851 na azma ya kuweka kituo Yatta, Kivoi aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana, naye Krapf akakimbia nyikani peke yake, akatia maji katika mitutu ya bunduki kwa kukosa chombo, akala alichokiokota, hata akarejea pwani akiwa hai kwa rehema tu. Mtu wa kwanza kuichukua habari ya wokovu mpaka Ukambani alitoka humo akiwa ameokolewa yeye mwenyewe na kiu na upanga. Na sidhani kama katika maisha yake yaliyosalia aliweza tena kulitamka jina la Mwokozi kama mtu asomaye somo darasani.

Ilipita miaka mingi kabla ya wengine kuja kukaa. Desemba 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walipiga kambi Nzaui, mahali palipo leo katika kaunti hii hii ya Makueni, na katika muda usiotimia mwaka wakawa na vituo vinne, Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo. Kisha tarehe 4 Desemba 1896 Scott akafa kwa homa, akazikwa katika nchi aliyoijia. Miongoni mwa wenzake alikuwako Willis Hotchkiss, ambaye baadaye, mwaka 1902, alikuwa mmoja wa waasisi wa misheni ya Kaimosi katika magharibi ya Kenya. Huyu ameeleza kwamba alikaa na Wakamba zaidi ya miaka miwili bila ya kupata njia ya kuwafahamisha maana ya Mwokozi, kila alilosema likianguka chini, hata usiku mmoja, wakiwa wameuzunguka moto, mtu aitwaye Kikuvi akasimulia jinsi alivyomwokoa Mzungu mmoja aliyekuwa amekamatwa na simba. Hapo Hotchkiss akapata neno alilolitafuta, la kuokoa, na tangu usiku ule akahubiri kwa lugha iliyofahamika.

Kisa hicho hutajwa mara nyingi kuwa ni kisa cha mgeni aliyejifunza lugha, nami naona kina mafundisho makubwa kuliko hayo. Mtu aliyeponyoshwa katika kinywa cha simba hakuokolewa na dhana, ameokolewa na meno. Na aliyemwokoa hakumtumia salamu kutoka mbali, alijitia yeye mwenyewe mahali pa hatari. Tena, na hili ndilo linalosahauliwa, aliyeokolewa hakuondolewa nyikani. Kesho yake aliamka katika nchi ile ile, simba wakali wangalipo, njia ni ile ile na kazi ni ile ile, ila kwamba sasa yupo mtu anayemwia uhai wake, na urafiki umepatikana ambao haukuwapo jana. Laiti wahubiri waliomfuata Hotchkiss wangalikishika kisa kile kwa ukamilifu wake, wasingaliubandua wokovu na ardhi ambayo watu waliikanyaga.

Maana watu wale walikuwa na mengi ya kuogopa, nayo hayakuwa ya mzaha. Mwaka 1898 na 1899 ilishuka njaa ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye, ikifuatana na ndui, na vijiji vikabaki mahame. Kabla yake na baada yake walijua hofu ya uoi, yaani uchawi wa kuua kwa siri. Walijua kiapo cha kithitu, ambacho aapaye kwa uongo huamini kwamba kitamla yeye na aila yake yote. Walijua thavu, ule unajisi unaompata mtu kwa kuvunja miiko, unaoambukiza nyumba na mifugo mpaka mzee mwenye elimu yake atakase kwa ng'ondu. Walimjua pia Mungu, Muumbaji wa vyote, wakamwendea katika ithembo, chini ya miti mikubwa isiyokatwa, kumwomba mvua. Kwa hiyo haikuwa kweli, kama baadhi ya wageni walivyodhani, kwamba hapa palikuwa na watu wasiojua kuhitaji wokovu: mtu anayekwenda kutakaswa ili jamaa zake wasife anajua dhambi ni nini hata kama hesabu yake ya dhambi si ile ya Waraka kwa Warumi, na mtu anayepiga magoti chini ya mti kwa ajili ya mvua amekwisha kukiri kwamba uhai wake hautoki mikononi mwake.

Lililohubiriwa kwao, kwa sehemu kubwa, lilikuwa mbingu na jehanamu. Sisemi kwamba lilikuwa uongo, maana siku ya hukumu imo katika Maandiko naye aiondoaye anaondoa haki ya wanyonge. Nasema tu kwamba lilikuwa nusu, na nusu ya kweli ikihubiriwa peke yake kwa miaka mingi huzaa mambo ambayo mhubiri hakuyakusudia.

Aliyeliona pengo hilo kwa jicho la elimu ni mwana wa nchi yenyewe. John Samuel Mbiti alizaliwa Mulango, Kitui, tarehe 30 Novemba 1931, akalelewa katika kanisa lililotokana na misheni hiyo hiyo, akasoma Alliance na Makerere, kisha Marekani, na hatimaye Uingereza, ambako Chuo Kikuu cha Cambridge kilimpa shahada ya udaktari mwaka 1963. Utafiti wake, uliochapishwa mwaka 1971 kwa jina la New Testament Eschatology in an African Background, ulitaka kujua Wakamba waliohubiriwa habari za mwisho wa dunia walizifahamu namna gani. Na alichokiona ni kwamba mifano ya Maandiko ilichukuliwa kwa dhahiri yake bila ya batini yake, mbingu ikawa nchi ya starehe iliyo mahali fulani, hazina za mbinguni zikawa mali hasa, na tumaini lote likahamishiwa ng'ambo ya kaburi, ilhali Agano Jipya linaliweka tumaini hilo katika nafsi ya Yesu Kristo aliye hai, ambaye kukutana naye huanza hapa. Waongofu wakawa wanaungoja mwisho wa dunia kama jambo la karibu mno, na ulipokawia wengine wakapoa. Hakuyasema hayo kwa kuidharau kazi ya wamisionari waliomlea, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa kasisi na mchungaji. Aliyasema kama mtoto wa nyumbani anayemwambia mzazi kwamba nguzo moja ya nyumba haijafika chini.

Katika kitabu chake cha mwaka 1969, African Religions and Philosophy, Mbiti alikuwa amekwisha kutoa rai iliyomtia katika mabishano makubwa, kwamba katika fikra ya asili ya Mwafrika wakati una sehemu mbili, Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao ulio mbali hauna nafasi ndani yake. Wanafalsafa wengi walimpinga, Kwame Gyekye wa Ghana miongoni mwao, nami katika hili nawaunga mkono wapinzani. Mkulima wa Makueni, ambaye tegemeo lake kubwa ni mvua za Oktoba hadi Desemba, zikimkosa hukaa katika dhiki mwaka mzima, watoto wakimlilia. Na bado ndani ya nyumba iko mbegu iliyofichwa, isiyoguswa, inayongoja mvua ambayo hapana aliyemwahidi kwamba itakuja. Mama aliyeitunza mbegu hiyo katika mwaka wa njaa, akawaacha watoto walale na njaa mbele yake, hakukosa fikra ya wakati ujao. Yeye anaijua kwa gharama ambayo wanafunzi wa vyuo hatuijui. Lakini hata tukimkosoa Mbiti katika falsafa yake ya wakati, hukumu yake juu ya mahubiri inasimama, na pengine inazidi nguvu: watu hawa walikuwa na uwezo wa kutumaini, na hawakuonyeshwa jinsi tumaini hilo linavyofungamana na shamba, zizi na mahakama ya kijiji.

Hata mambo yaliyotukia nje ya kanisa yanashuhudia hivyo. Mwaka 1922 alitokea katika Ukambani mtu aitwaye Ndonye wa Kauti, akitangaza kwamba Mungu amesema naye na kwamba zama mpya zimekaribia. Serikali ya kikoloni ikamwogopa, ikamhamishia Siyu katika kisiwa cha Pate. Simtetei kuwa alikuwa nabii wa kweli, lakini umati haukusanyiki kumsikiliza mtu wa namna ile isipokuwa una njaa ya wokovu ambao waweza kuuona kwa macho.

Sasa na tuyaendee Maandiko yenyewe. Paulo Mtume, anapouzungumza wokovu, hutumia nyakati tatu, wala hazichanganyi. Husema kwa wakati uliopita, kama katika Waefeso mlango wa 2 na Warumi 8:24, kwamba sisi tumekwisha kuokolewa, kwa neema, kwa njia ya imani, tena katika tumaini. Husema kwa wakati uliopo, kama katika 1 Wakorintho 1:18, akiwataja waumini kuwa ni watu wanaookolewa, yaani kazi ingali mikononi mwa fundi. Na husema kwa wakati ujao, kama katika Warumi 5:9 na 13:11, kwamba tutaokolewa, na kwamba wokovu wetu leo u karibu zaidi kuliko siku ile tulipoamini. Mtu akishika wakati wa kwanza peke yake huwa mwenye kiburi, akihesabu wokovu kama mali iliyokwisha kulipiwa. Akishika wa pili peke yake huwa mtumwa wa matendo yake, asiyejua usingizi. Akishika wa tatu peke yake huidharau dunia, na mwishowe huudharau mwili wake na wa mwanawe.

Wakazi wa Malili wanao mfano wa jambo hili mbele ya macho yao. Mwaka 2009 serikali ilinunua ekari 5,000 za shamba la Malili Ranch kwa ajili ya mji wa Konza, na Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akauzindua ujenzi wake. Tangu hapo barabara zimechorwa, majengo ya kwanza yameinuka, na mji wenyewe, kwa ukubwa ulioahidiwa, haujaonekana. Asemaye kwamba hapana kitu Konza hasemi kweli, na asemaye kwamba mji umekamilika anawadanganya watu. Muumini yuko katika hali hiyo: msingi umewekwa, na msingi ni Kristo aliyekufa na kufufuka, kuna vilivyokwisha kujengwa, navyo vinakalika, na mji ungali unangojewa. Tofauti ni kwamba katika mji huo wa mbinguni hapana anunuaye viwanja mapema kwa tamaa ya faida.

Tena Injili ya Luka inatuonyesha Bwana Yesu akifanya kazi bila ya kuugawa wokovu vipande. Katika mlango wa 7 anamuaga mwanamke aliyesamehewa dhambi nyingi kwa kumtakia amani; katika mlango wa 8 anamuaga mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, ambaye hakuwa ametajiwa dhambi yoyote, kwa kumtakia amani ile ile. Mmoja alitoka na msamaha, mwingine na afya, na wote wawili wakarudishwa kwa watu wao, ambao hapo awali waliwaepuka. Hapa Mkamba wa kale angaliona jambo analolifahamu kuliko Mzungu aliyemhubiria, maana naye alijua kwamba thavu humtenga mtu na jamaa zake na kwamba kutakaswa ni kurudishwa katika ushirika wao. Kilichozidi katika Injili, na ndicho kitu kipya hasa, ni kwamba aliyetakasa hakuogopa kuguswa, wala hakudai mbuzi.

Kuna neno jingine la imani ambalo pwani yetu imelisoma katika mwili wa watu, nalo ni fidia. Bwana Yesu katika Marko 10:45 amesema kwamba alikuja kuutoa uhai wake kuwa fidia ya wengi, na tangu siku za mwanzo wanazuoni wamebishana juu ya nani aliyelipwa fidia hiyo. Origen wa Alexandria aliona kwamba alilipwa Shetani. Gregory wa Nazianzus akaona ni aibu kumdhania mnyang'anyi kwamba alistahili malipo. Na Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, akafundisha kwamba kilicholipwa ni haki ya heshima ya Mungu iliyovunjwa na dhambi. Sasa tazama yaliyotokea Rabai. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wamekimbilia huko na katika vituo vingine vya misheni, wakazidi kuongezeka, na mabwana wao wakawa wanatishia kuwatwaa kwa nguvu. Ndipo George Mackenzie wa Imperial British East Africa Company alipofanya sulhu, mabwana wakalipwa fedha zilizochangwa na Kampuni, serikali ya Uingereza, misheni na wafadhili, na tarehe 1 Januari 1889 watu wapatao 1,400 wakapewa hati za uhuru.

Mabwana walilipwa, na hata leo dhamiri yaona uchungu kwamba walilipwa, maana aliyestahili kulipwa ni aliyefanyishwa kazi bila ujira. Huu ndio mpaka wa mfano wa fidia, nao wamhukumu Origen: bei ilipolipwa haikuwa ungamo kwamba mwenye kupokea alikuwa na haki. Lakini ukimwazia mwanamke aliyesimama Rabai siku ile na hati mkononi, akijua kwamba mtoto aliye mgongoni mwake hatauzwa, utaona kwamba wokovu haukuwa kwake hoja ya hesabu. Ulikuwa ni kutoka chini ya mamlaka moja na kuingia katika maisha mengine, yenye jina, shamba, ndoa na kanisa. Gustaf Aulén, mwanazuoni wa Sweden, alikumbusha dunia katika kitabu chake kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1931 kwamba Wakristo wa karne za mwanzo waliufahamu msalaba kwanza kuwa ni ushindi wa Kristo juu ya dhambi, mauti na Ibilisi, na nadhani ushindi huo ndio ambao watu wa Ukambani, wenye kuogopa uoi na kithitu, walikuwa na haki ya kuhubiriwa tangu siku ya kwanza. Tusisahau pia kwamba misafara ya Wakamba iliyoshuka pwani na pembe za ndovu nyakati nyingine ilichukua watumwa. Waliohitaji kukombolewa na waliohitaji kutubu kwa kuuza wenzao walikuwa katika nchi moja, na pengine katika nyumba moja.

Mabishano ya Wakatoliki na Waprotestanti juu ya kuhesabiwa haki, yaliyoigawa Ulaya na kuletwa kwetu yakiwa yamekwisha kukomaa, sitayarefusha hapa, kwa sababu tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Kanisa Katoliki na makanisa ya Kilutheri walitia sahihi tamko la pamoja kwamba mwanadamu huhesabiwa haki kwa neema ya Mungu, na matendo mema hufuata kama matunda. Anayeendelea kuwachonganisha majirani wa Makueni kwa jambo hilo yuko nyuma ya wakubwa wake.

Matunda hayo ndiyo yanayostahili maneno zaidi. Uamsho wa Afrika Mashariki, unaohusishwa na Gahini huko Rwanda na mkutano wa Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church katika kilima cha Namirembe mwaka 1929, na uliofika Kenya mwaka 1937, ndio uliolitia nguvu swali la tarehe. Na wako wanaoulaumu kwa hilo. Mimi naukumbuka kwa jambo jingine. Walokole wa kwanza, yaani waumini wa uamsho huo, hawakushuhudia kwa maneno tu: walirudisha walivyoiba, walilipa madeni waliyoyakana, waliomba radhi hadharani, na wakati wa Mau Mau wako waliokataa kula kiapo na waliokataa pia kushika bunduki dhidi ya ndugu zao, wakauawa. Zakayo, katika Luka mlango wa 19, alitangaziwa kwamba wokovu umefika katika nyumba yake siku ile ile alipotamka kwamba nusu ya mali yake ni ya maskini na kwamba atawarudishia mara nne aliowadhulumu. Bwana hakumwuliza tarehe. Tarehe ilikuwa ni ile ile, na wanakijiji waliokuwa wakimdai wangeliweza kuihakikisha. Katika nchi ambayo kesi za mashamba, mipaka na urithi zimegawanya ndugu wa tumbo moja, ningependa kuona ushuhuda wa namna hiyo ukitolewa kanisani mbele ya mdai mwenyewe.

Naandika haya kwa hofu, kwa sababu tumekwisha kuona mwisho wa wokovu uliokatwa na maisha. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ya watu waliofundishwa kwamba wakifunga chakula hata kufa watamwona Yesu. Ikafukuliwa zaidi ya 400, wakiwamo watoto wengi. Hawakufundishwa hayo na wapagani. Walifundishwa na mtu aliyeshika Biblia, akitumia maneno tuliyoyazoea, mbingu, dunia inapita, mwili ni adui. Na maneno hayo yalikuwa yamekwisha kuandaliwa masikioni mwao na mahubiri mengi yasiyokuwa na ubaya wowote isipokuwa kwamba hayakuwahi kuwaambia kwamba Mungu aliuumba mwili, kwamba Neno alifanyika mwili, na kwamba ungamo letu la imani lina kiyama ya mwili ndani yake. Kwa upande wa pili wako wanaouza wokovu wa fedha, ambao kwao dalili ya kuokoka ni gari na dalili ya laana ni ukame. Kwa Wakamba fundisho hilo ni tusi, maana wao wanazo njaa zenye majina, nao wazee wangali wanaikumbuka ile ya miaka ya 1980 iitwayo Nikw'a Ngwete, watu walipokufa wakiwa na fedha mkononi kwa kuwa chakula chenyewe hakikuwapo dukani. Makundi haya mawili yanatukanana, lakini kosa lao ni moja: yote mawili yameutenga mwili na roho, moja likautupa mwili, jingine likaitupa roho.

Limebaki swali moja, zito kuliko yote, ambalo katika mazishi ya Ukambani huulizwa kwa sauti ya chini. Babu aliyekufa kabla ya Krapf kufika Kitui, na bibi aliyekufa katika Ngomanisye, miaka michache tu tangu Scott azikwe Nzaui, bila ya kulisikia jina la Yesu, wako wapi? Wako wahubiri wanaojibu upesi kwamba wako motoni, na hujibu hivyo mbele ya wajukuu wao. Nimelisoma jambo hili kwa kadiri ya uwezo wangu, na sikuona mahali katika Agano Jipya ambapo mhubiri amepewa dhima ya kuwagawia wafu makazi. Nimeona katika Warumi 2:14 hadi 16 kwamba Mungu ana hukumu yake juu ya watu wasio na sheria, nayo atahukumu kwa Yesu Kristo, anayejua siri za mioyo. Nimeona katika 1 Petro 3:19 kwamba Kristo alikwenda hata mahali ambapo hapana mmisionari aliyefika. Na nimeona katika Luka 20:38 kwamba kwake wote huishi. Hakuna aokokaye pasipo yeye, na hilo ndilo hasa linaloniruhusu kuwaacha mikononi mwake, maana mikono yake ilikuwa na makovu kabla ya nchi hii kuhubiriwa.

Mbiti alifariki Oktoba 2019 nchini Uswisi, ambako alikuwa mchungaji kwa miaka mingi, na miaka mitano kabla yake ilikuwa imetoka tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kikamba, aliyoifanya kutoka katika Kiyunani chenyewe. Nawasihi wahubiri wa Malili, Mukaa, Nzaui, Mbooni na Mulango, kila wasimamapo makaburini, waache kuwahukumu waliotangulia, wafungue kitabu hicho wawasomee wafiwa Warumi mlango wa 8 kwa lugha ya mama yao, kisha, kabla ya watu kutawanyika, waulize kama marehemu ameacha deni, mgogoro wa mpaka au mtu asiyesamehewa, na wakae hapo na wazee wa ukoo hadi jambo hilo limalizike.